Mbuzi wa Mtu Mmoja

Mpendwa kaka Ekai,

Ejok, hujambo? Sisi hapa Lodwar tuko, na jua liko vile ulivyoliacha. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema uko mkutanoni. Mkutano gani huo wa Nairobi usiokwisha, kaka?

Unakumbuka mahari ya kaka yetu mkubwa ilivyotafutwa? Wewe na marehemu baba mlizunguka boma kwa boma mkiomba mifugo kwa jamaa, huku mkiambiwa ngojeni, kaeni, ngojeni tena. Mjomba anayekaa Longech akawapa kambuzi kagonjwa, akakasifu mpaka mkachoka kusikiliza. Ulirudi miguu imevimba, ukaniambia, "Mimi nikioa, sitamwomba mtu hata mkia."

Nawe ukatimiza. Malori yako ya maji kule Lokichar yakakupa mali, ukafungua duka Kakuma, ukamjengea mama nyumba ya mawe, ukanisomesha mimi. Atakayeniambia pesa haina raha aje nimwonyeshe mama anavyotembea tangu ulipomtibu mguu.

Lakini ile siku ya mahari yako bado inaniuma. Ulinunua mifugo yote sokoni Lokichar, ikashuka kwenye malori ikiwa na alama ya rangi moja mgongoni. Baba yake Akiru, mchumba wako, akapita katikati na fimbo yake, akiuliza kama desturi inavyotaka: huyu ametolewa na nani? Ukajibu ni wako. Na yule? Wako. Na yule pale? Wako pia. Sisi jamaa zako tulikuwa nyuma yako na mashati mapya uliyotununulia, tunaangalia chini kama wageni.

Mzee akasimama. Akasema, "Mifugo ni mizuri, mwanangu. Lakini watu wako wako wapi? Binti yangu akikosana na wewe, atakimbilia kwa nani?"

Nawe ukadhani anataka zaidi! Ukamwambia utaongeza lori lingine. Lo, kaka! Mzee akakuomba urudi ukiwa na watu, nawe ukapanda gari ukaenda zako.

Najua hukuwa na kiburi. Ulitaka tusidhalilike kama ulivyodhalilika wewe na baba. Nakuonea huruma kwa hilo, na nikifikiria miguu yako ile iliyovimba nalia. Ila mjomba, kwa kale kambuzi kake, amekula kwa kaka mkubwa miaka yote kama mwenye nyumba. Shemeji alipofunga virago, ni yeye aliyetoka Longech kuja kuwapatanisha. Alisema ndoa ile na yeye yumo. Wewe ungemwita nani?

Jumapili nilikutana na Akiru tukitoka kanisani. Amekonda. Akaniuliza polepole, "Kaka yako amenikataa mimi, au amewakataa nyinyi?" Nikasingizia jua na kwenda nyumbani.

Sasa sikia. Mjomba amefika juzi. Mbuzi wake wote walikwisha kwa ukame, siku hizi anauza samaki wakavu Kalokol. Kwa hao samaki amenunua mbuzi mmoja, amemfunga langoni kwetu, na mbuzi mwenyewe ameshatafuna shuka ya mama. Nilimwambia asijisumbue, wewe unao tele. Akanikasirikia. "Wale ni wake. Huyu ni wangu." Mama naye ametoa wake, na mimi nimetoa kutoka mshahara wangu wa ualimu, na majirani wamesikia, wanaleta.

Tutarudi kwa mzee, Ekai. Atauliza tena kila mnyama ni wa nani, na tutajibu sisi, kila mtu na wake. Wako pia watakuwepo, lakini ukiulizwa utajibu mwishoni. Kabla ya hapo utasimama tu, mikono mitupu, ukitusikiliza. Najua kwako hilo ni gumu kuliko kununua soko zima.

Njoo usimame.

Mdogo wako uliyemsomesha