Pazia la Dohani

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, na kifua nacho hakijambo? Usinijibu "si haba" kama kawaida yako. Nataka kujua kama unapanda ngazi bila kupumzika. Mama anakula vizuri? Mimi ni mzima, ila damu bado inanichemka.

Sheria mpya unaijua: ni marufuku kuvuta sigara ndani ya mahali pa kazi. Tulidhani bosi wetu Dohani atakoma. Wapi! Aliniagiza nishone pazia, akalitundika kwenye kona ya meza ya kukatia, na tangu hapo kona ile inaitwa nje. "Natoka nje kidogo," anasema, kisha anaingia nyuma ya pazia na moshi unatupitia vichwani. Madirisha yamefungwa kama zamani, eti vumbi litachafua sare nyeupe tunazoshona.

Miaka tisa ulimeza moshi wake, wewe ambaye hujawahi kushika sigara. Halafu akakufukuza kwa kuwa ulikohoa mbele ya mteja. Sijasahau, wala sitaki kusahau.

Alhamisi tulisikia afisa wa afya atapita kukagua. Dohani akaniita, akanibembeleza: nikifunga mdomo, Jumatatu urudi kwenye cherehani yako. Najua unavyoitamani kazi ile. Nikamwambia sawa, bosi.

Jana asubuhi afisa akaingia, mama mmoja mpole, mapema kuliko tulivyotegemea. Dohani alikuwa huko kwake "nje". Afisa akauliza kama kuna anayevuta humu ndani. Wenzangu wakainamia cherehani zao. Mimi nikainuka, nikalivuta pazia mpaka mwisho. Huyo hapo, amekaa juu ya robota la kitambaa, sigara mdomoni, ameduwaa. Mungu anisamehe, nilisikia raha mpaka vidoleni.

Amepigwa faini. Ameapa hutakanyaga pale tena maisha yako yote. Kwa hiyo kisasi nimelipa mimi, kazi umekosa wewe, na wala sikukuuliza. Yeye simsamehe, lakini wewe nakuomba radhi.

Msalimie mama, na mjomba seremala na watoto wake wote. Mungu akujalie usingizi usio na kikohozi.

Ukinikasirikia, nipigie simu unigombeze kwa sauti yako yote. Nataka kusikia kama pumzi inatosha.

Dada yako, akupendaye kwa ubishi wake wote.