Usilale Tena Kwenye Stoo ya Mvinyo

Berchem, Brussels

Kaka Ndahani,

Mbukwenyi. Mimi nimerudi salama kutoka Hispania, ila vidole vimechanjwa na makasi ya kuvunia zabibu. Shemeji na watoto hawajambo? Na wewe, kichwa kimeacha kukuuma? Hilo la mwisho si salamu, kaka. Ndilo lililonikalisha niandike.

Juzi nilipokukataza kulala stoo, kabla ya kunikatia simu ulisema nimekula mikate ya Wazungu, sasa nakufundisha kukaa kwenye nyumba yako. Nilinuna siku nzima. Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi ninayepanga naye hapa, akanicheka: "Bon, mukubwa hapendake kufundishwa ku telefone. Umuandikie barua, donc atasoma yee peke yake, haya haitamukamata." Basi naandika. Najua sikio halipiti kichwa.

Kosa ni langu. Mwaka jana nilijitolea kuvuna huko huko Hispania wiki mbili tu, nikajiona fundi. Nikakwambia uchimbe stoo chini ya ardhi kama yao, mvinyo upate ubaridi, uzibe kila tundu nzi wasiingie. Kumbe stoo yao niliiona ikiwa tupu.

Safari hii nilikuwepo mapipa yakichachuka. Kila asubuhi Mama Pilar, mwenye shamba, alishusha mshumaa kwa kijiti mpaka sakafuni. Ukizimika, haingii mtu mpaka milango ikae wazi. Zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito, haina rangi, wala huioni, inajaa chini kama maji kisimani. Mwenzetu mmoja hakuusubiri mshumaa. Aliinama kuzoa makapi, akalala palepale, kimya. Tulimvuta kwa kamba. Yu hai, lakini mpaka naondoka alikuwa hakumbuki jina la mwanawe.

Nilisimama pale nikakumbuka uliyonieleza kwa kicheko: kibatari chako kinazimika chenyewe stoo, ukasema mafuta yamechakachuliwa. Na kwamba mchana unajilaza humo humo, kuna ubaridi, ila ukiamka kichwa kinagonga. Kaka, niliogopa. Bado naogopa.

Nakuomba, usishuke tena. Toboa ukuta, acha mlango wazi, hata mvinyo wote ukiharibika. Mizabibu itazaa tena. Ukiniona mjinga, nione mjinga ukiwa umekaa nje.

Nisalimie mama, umwambie soksi alizonifumia zinanitosha. Nisalimie baba mdogo aliyekuchongea ngazi ya stoo, na shangazi wa Mpunguzi asiyepokea salamu bila kulalamika. Neema nitamletea viatu.

Ni mimi, niliyekula nawe sahani moja,
mdogo wako Yohana

Kaka, nimempigia shemeji kumwambia namtumia picha za barua hii akupe. Amesema umeshuka kupumzika tangu saa saba, sasa inakaribia saa kumi huko, na mume akilala haamshwi. Nimemwambia afungue mlango, asishuke, akuite kwa nguvu. Kwanza alicheka. Sasa ameweka simu chini, bado iko hewani. Naandika kwa sababu mkono hauna kingine cha kufanya. Namsikia: "Baba Neema! Baba Neema!" Sasa anakuita Ndahani. Miaka yote ya ndoa yenu sijawahi kumsikia akikuita Ndahani.