Blanketi Ulilopokea, Mama

Makambako, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Na kamwene pia, kama wanavyosalimiana Wabena ninaoishi nao huku. Goti lako linaendeleaje? Na viazi vya kule mteremkoni, mmewahi kuvivuna au mvua imeviozesha? Sisi tu wazima kwa neema. Mke wangu anakohoa kidogo, maana upepo wa Makambako unajua kupenya hata palipozibwa, ila kwaya hajaacha.

Barua hii nimempa dereva wa gari la huko Ipelele. Naomba dada Eliza akusomee mkiwa wawili tu. Kwenye simu ungeniitikia "hee, hee" mpaka salio liishe, na mimi ningeona haya kupaza sauti mambo haya mbele ya wateja wa mbao.

Mama, ni habari ya lile blanketi.

Dada alinisimulia jinsi wageni walivyokuja na kusema ni marafiki zangu, wakala viazi vyako, mmoja akaomba hata sala. Wakakupa blanketi zito. Ukalishika kwa mikono miwili, ukasema "Nimepokea," kama ulivyosema siku Eliza alipoposwa. Ungefanya nini kingine? Hatukulelewa kumrudisha mgeni na mzigo wake. Sikulaumu hata kidogo. Lakini wale hawakutumwa na mimi.

Ngoja nikueleze taratibu. Tangu nichaguliwe diwani hujaniuliza kazi yenyewe ikoje, umeniombea tu. Baraza letu la madiwani, ambalo miaka yote lilikuwa la chama kimoja, safari hii limepasuka katikati kama ubao wenye ufa. Ukihesabu wote, chama chetu kimewazidi wenzetu kwa mtu mmoja. Wiki ijayo tunaapishwa na kumchagua mwenyekiti, na kura ni ya siri. Nikigeuka mimi, baraza lote linageuka. Sikuomba kuwa bawaba ya mlango, mama, lakini ndipo nilipopigiliwa.

Sasa juzi naingia pale mgahawani sokoni kunywa chai, nakutana na Luka, dalali wa viazi, mtu wa chama cha wenzetu. Akasimama, akanipokea kwa sauti watu wote wasikie:

"Kamwene, mkwe!"

Nikamwambia, "Mkwe tangu lini? Binti yangu bado yuko shule."

"Nani kamtaja binti? Tumekuposa wewe. Mama yako kashapokea blanketi. Ninyi Wakinga nawajua, mama akishapokea blanketi, mtoto katoka."

Mama muuza maandazi akaweka sinia chini. "Jamani, mheshimiwa kaolewa! Na hata sare hatukushona!" Wakapiga vigelegele mpaka waliokuwa nje wakachungulia. Nilicheka nao, mama, nifanye nini, lakini chai niliiacha nusu. Nilipotoka Luka akanifuata, akaninong'oneza, "Kura ni ya siri, Yohana. Nani atajua?"

Tangu hapo situlii. Napima ubao, nasahau kipimo. Nafungua Biblia, macho yanasoma na moyo uko kwenye ukumbi wa baraza. Mke wangu ananiambia, "Kaa chini, unatuchosha kukutazama."

Na kinachonisumbua zaidi nitakwambia wewe tu. Mgombea wa chama chetu ni mwenye malori, hata jina langu hajajifunza, ananiita "wewe wa mbao." Wa wenzetu ni mwalimu mstaafu. Bomba la maji la mtaa wetu ni yeye aliyelihangaikia, akisimama na sisi kwenye matope. Naamini habari ya blanketi haijui. Mama, kabla ya blanketi nilikuwa nimeanza kumwombea huyo mwalimu. Nilikuwa nikijiuliza kama Mungu hanionyeshi kumpa kura yangu, chama kinune kikitaka kununa. Sasa nikimpa, nimeiuza. Nikimnyima, nitakuwa nimemnyima kwa sababu ya hasira zangu na Luka, si kwa haki. Blanketi limenifunga mikono yote miwili.

Kwa hiyo nakuomba jambo zito. Lirudishwe. Najua kwetu kurudisha blanketi ni kuvunja uchumba, ni aibu, na majirani watauliza. Aibu hiyo niachie mimi. Baba mdogo alilete mwenyewe kabla ya Jumapili, likiwa limekunjwa kama lilivyokuja. Tutalipeleka naye kwa Luka pale sokoni, mchana kweupe, wale wale waliopiga vigelegele waone. Baba mdogo aseme tu maneno ya desturi, "Binti amekataa." Wacheke tena, safari hii wacheke vizuri.

Kama umeshalilalia usiogope, lirudi hivyo hivyo. Najua baridi ya Ipelele mwezi huu, najua na kifua chako. Ndiyo maana dereva atakukabidhi na mzigo. Ndani yake ni blanketi letu, la kitandani kwetu. Sikuona haya kukutumia kuukuu, maana mke wangu ndiye aliyelivuta kitandani akasema, "Mpelekee mama, sisi tutabanana." Lina harufu ya mbao za paini, utaizoea.

Mnisalimie baba mdogo, nimemtwika mzigo wa ujana uzeeni. Msalimie dada Eliza, na shemeji yangu mvumilivu, mume wake. Mwinjilisti wetu mwambie mwanao anaomba kutajwa Jumapili kwenye maombi, asitaje sababu. Shangazi wa kule bondeni mwambie kitambaa chake ndicho nitakachovaa shingoni siku ya kuapishwa.

Usiniulize nitampa nani kura yangu. Sijui bado, na ninataka nisijue mpaka blanketi lile litoke nyumbani kwako. Likishatoka, jifunike hili la kwetu, ulale. Ukilala wewe, nami nitaweza kukaa chini.

Ni mimi mwanao uliyembeba mgongoni,

Yohana