Kikombe cha Mtani Wangu

Jumanne usiku

Na bado sijamaliza naye. Mabula, yule Mnyamwezi anayeosha mchanga wa dhahabu kule juu mtoni, ameniunguzia tuta zima la mchicha kwa maji yake machafu. Mashine ya kuyasafisha anayo. Ila inakula dizeli, kwa hiyo anaiwasha wakija wageni tu.

Leo wamekuja wakaguzi. Mashine ikanguruma, bombani yakatoka maji maangavu kama ya mvua.

"Haya hata kunywa unakunywa!" akajisifu.

Nikajitokeza na kikombe changu cha maji, niliyoyachota mtoni alfajiri kabla hajaiwasha.

"Mtani, maji yako ya asubuhi haya. Kunywa basi, tuone."

Sisi Waluguru ni watani wao, na mtani hakasirikiwi. Akacheka, wageni nao wakacheka. Kisha akachungulia kikombe.

"Mzee, unataka kuniua?"

"Kumbe yanaua! Na mchicha wangu ulidhani una tumbo la chuma?"

Mkaguzi mmoja, mama mnene, akakinusa kikombe wala hakucheka tena. Ameufunga mtambo wake wa kuoshea mchanga mpaka ile mashine ya kusafisha maji iwe inawaka kutwa.

Kinachonitisha ni zile dawa za kukamatia dhahabu alizokwisha kuzimwaga mtoni. Mboga ile mimi na mke wangu tumeila, na yeye tumbo linamsokota tangu...

Basi. Kesho nakwenda kumpa Mabula pole ya kufiwa na mtambo wake. Penye msiba, kazi ya mtani ni kumchekesha mfiwa, na mimi nitamchekesha mpaka alie.