Mashine Isiyoitikia Salamu

Jumanne, usiku

Bado haijaunganika. Neema, mjukuu wangu, ameshinda kwenye kompyuta tangu asubuhi, na ugali wake umepoa mpaka nimempa mbwa.

Nikamuuliza, wewe, unaunganisha nini na nini? Akasema programu anazoandika zinatunzwa huko mtandaoni, na kila akibadilisha kitu, taarifa inatakiwa iende yenyewe kwa kompyuta nyingine, nayo ikague kazi kabla watu hawajaitumia. Taarifa inafika, inakataliwa.

"Hujaisalimia," nikamwambia. "Hata mimi, mtoto akinijia bila shikamoo simsikilizi."

Akacheka. "Kweli Bibi, inadai neno la siri kwanza. Nimelipeleka, bado inakataa."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kama amesalimia vizuri, mbona haiitikii? Nani aliilea hiyo mashine? Na kwa nini asikague kazi yake mwenyewe? Mboga zangu naonja mwenyewe.

Lakini mimi sikucheka. Bosi wake amesema ikishindikana mpaka kesho, Neema ahamie ofisini Dodoma, akae karibu na wanaojua. Nyumba hii ya Mandewa nitabaki na nani? Hilo sijamwambia. Nimemgombeza tu kwamba anamaliza umeme.

Nimesali. Sikujua niombe nini hasa, maana hata hivyo vitu sijui vinakaa wapi. Nikasema, Mungu, hizo kompyuta mbili zielewane, mtoto huyu asiondoke.