Moja kwa Moja

Chang'ombe, 6 Mei 2024

Mama mpendwa, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mie mzima wa mwili, roho ndiyo inachemka. Barua nampa Fredrick wa bodaboda, maana simu siku hizi huisikii.

Jumamosi tulimpokea mama mmoja, Somoe, kaharisha siku tatu, hata kusimama hawezi. Damu ilipopimwa, potasiamu iko chini mno. Daktari akampigia simu Sista Yuliana, mkuu wetu wa wodi: "Mpe potasiamu moja kwa moja." Sista akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akanikabidhi nimsukumie mshipani. Nikakataa, mbele ya ndugu wa mgonjwa; unajua mwenyewe, ikisukumwa hivyo moyo husimama. Nikaimwaga kwenye sinki.

Nikampigia daktari mwenyewe. Kumbe alimaanisha dripu ipite moja kwa moja, isikatishwe. Basi nikatia potasiamu kidogo, milimoli ishirini, kwenye dripu ya lita moja, nikaigeuzageuza ichanganyike, nikahakikisha mgonjwa anakojoa, nikaiachia kwa saa nne huku nampima mapigo. Kesho yake Somoe alidai uji.

Sasa Sista kanishtaki kwa utovu wa nidhamu. Daktari anasema hakumbuki alisema nini. Nimepewa hadi kikao cha Ijumaa ya tarehe 17 niombe radhi kwa maandishi, la sivyo kazi sina.

Mwanao, Koku


Kimara, 8 Mei

Mwanangu Kokushubila, marahaba. Goti ni lile lile. Maji yamekatika tena huku, tunachota kwa jirani.

Andika hiyo radhi. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mgonjwa kapona, unataka nini tena? Mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja kwa sababu nilijua kunyamaza. Ndiko kulikokusomesha.

Mama yako, Genoveva


Chang'ombe, 9 Mei

Shikamoo mama. Pole na maji.

Siandiki. Huo mkono siubusu. Nikiandika kwamba nilikosea, kesho Sista atampa bomba lile lile Hope, muuguzi aliyeajiriwa juzi tu. Hope atasukuma, kwa kuwa Koku mwenyewe aliomba radhi. Hapo muuaji nitakuwa mie.

Halafu nakushangaa. Siku naingia chuo ulinishika mkono hadi ukaniuma, ukasema, "Potasiamu usisukume, hata aseme nani." Sikuwahi kukuuliza kwa nini ulinishika vile. Leo nauliza.

Mwanao, Koku


Kimara, 16 Mei

Mwanangu, marahaba. Hujambo? Nimemrudisha Fredrick mikono mitupu asubuhi tano. Usimlaumu.

Mwaka 1993 mkuu wangu aliniambia hivyo hivyo: moja kwa moja. Nikasukuma. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani, anaitwa Didas, ananitania kwamba akitoka atanishonea sare inayonikaa. Hakumaliza maneno yake. Kwenye faili wakaandika moyo umesimama wenyewe, na mimi nikatia sahihi. Huko ndiko kunyamaza kulikokusomesha.

Nimekuwa mwoga, Koku. Nilikuandikia vile kwa woga. Radhi inadaiwa, ila anayedaiwa si wewe. Karatasi ya pili nimeeleza yote, na jina langu lote nimeliandika. Kaisome kikaoni kesho, usiruke hata mstari. Wakinitaka wanajua nilipo, na kwa goti hili sikimbii.

Mama yako, Genoveva


Chang'ombe, 17 Mei

Shikamoo mama. Natumaini leo umekula.

Nimeisoma yote. Nilipofika kwa Didas niliusoma mstari mara mbili. Sista Yuliana akauliza, "Na barua yako wewe ya radhi iko wapi?" Nikamwambia kwetu imeandikwa hiyo moja, na imeandikwa na aliyekosa.

Daktari akakohoa, akasema sasa amekumbuka alichosema kwenye simu. Wameniachisha kazi hata hivyo. Wanasema mkubwa haaibishwi mbele ya wagonjwa. Sawa. Ningemwaga tena.

Lakini potasiamu yote imefungiwa kabatini, haitoki bila maandishi ya daktari, na ufunguo kapewa Hope. Kesho nakuja Kimara, unipikie ndizi. Nataka kukaa na wewe, mama, sina hasira na wewe.

Hope alinisindikiza hadi getini, ufunguo kaushika mkononi. Nikamuuliza, Sista akikuletea bomba je? Akasema, "Nitamkatalia moja kwa moja."

Mwanao, Koku