Inuka Polepole, Ibra

Alhamisi, 20 Juni 1957
Tumerudi Ruiru na gari la moshi. Kule Thika daktari Mhindi alimfunga Ibra ule mpira wa kupimia presha mkononi, kwanza amelala, halafu amesimama. Presha ya mwanangu iko juu mno — na ana miaka thelathini na mbili tu! Daktari anasema mishipa imekaza, damu inasukumwa kwa nguvu, siku moja itapasua kitu kichwani. Amempa vidonge vyeupe vya kulegeza mishipa. Nikauliza, ikilegea sana je? Akacheka kidogo. Ndiyo taabu yake, akasema: mtu akiinuka ghafla damu huteremkia miguuni, kichwa kikabaki bila. Basi ainuke polepole. Hilo nimelishika.

Jumapili, 23 Juni
Kichwa hakimuumi. Mara ya kwanza tangu Ramadhani! Mdomo mkavu tu, na choo kigumu. Asubuhi nasimama mlangoni kwake: Kaa kwanza. Teremsha miguu. Sasa simama. Mkewe Tausi anacheka, ati namfunza mume wake kutembea mara ya pili. Acheke. Ile ya kwanza nani alimfunza?

Jumatano, 26 Juni
Ibra ameanguka machinjioni, kazini kwake. Alipiga goti, akamchinja ng'ombe wa Waweru mwenye bucha, akaruka juu kama kawaida yake — chini! Kisu kikaenda upande, alhamdulillahi. Alipolala tu akazinduka.
Jioni Waweru mwenyewe akaja. Hakukaa. "Mama Ibra, hii kijana yako siku hizi inakunywa?" Nikamwambia pombe haijui. Akasema Waislamu hawanunui nyama kwake bila mkono wa Ibra. Lakini mkono ukianguka kisu kikiwa shingoni, nyama hiyo ataila nani? Yeye na mbwa wake! Siku ya Idi atakuja kutazama. Ibra akianguka tena, atachukua mchinjaji wa Thika.

Jumanne, 2 Julai
Siku za kuchinja Ibra hanywi dawa. Tausi ameninong'oneza jikoni. Nilikuwa nimeona — macho mekundu, anajishika kisogo. Siku hizo hukimbia, hucheka, haanguki.
Nikamwuliza. "Mama, nikinywa naanguka. Nisiponywa nasimama. Ungekuwa wewe ungechagua nini?"
Nikakata vitunguu.

Alhamisi, 4 Julai
Thika, peke yangu. Daktari amekasirika. Leo kunywa, kesho kuacha — mishipa inalegea, inakaza tena, ndiyo hatari kabisa. Anywe kila siku. Na kabla ya kuinuka akaze misuli ya miguu, damu ipande juu. Nimejaribu mwenyewe kwenye benchi la stesheni. Mama mmoja wa Kikuyu akaniuliza kama nimebanwa na mkojo.

Jumatatu, 8 Julai
Nimesema na Ibra. Kwani nani aliamuru mchinjaji aruke? Ni haraka ya Waweru tu. Mnyama huachwa atulie. Basi, nikamwambia, kaa naye pale pale hadi atulie, kaza miguu, ndipo uinuke. Watu wataona adabu, hawataona ugonjwa.
Akacheka — kicheko cha marehemu babake! "Mama, ungekuwa mwanaume ningekukabidhi kisu."
Tausi: "Akukabidhi wewe, nyama tutaila Idi ya mwakani."
Lakini kesho nisitoke nje, anasema Ibra. Nikisimama pale na uso wangu huu, Waweru atajua.

Jumanne, 9 Julai. Idi
Kidonge amekimeza mbele yangu, akafungua mdomo nione. Sala imekwisha. Watu wamejaa kiwanjani mbele ya nyumba. Mimi nimo ndani, dirishani. Nimeshika penseli nisije nikatoka.

Mbuzi sita tayari. Kila mmoja Ibra amekaa naye, ameinuka polepole. Mzee mmoja kasema kwa sauti: mwaka huu Ibra anachinja kwa heshima! Waweru ameegemea ua, mikono mfukoni.

Sasa fahali. Wanaume wanne wamemlaza. Bismillahi. Kisu kimepita mara moja. Damu imerukia viatu vya watu.
Ibra amepiga goti pale. Vema. Kaa, mwanangu.
Fahali ametulia. Haya, kaza miguu.

Bado yuko chini.
Waweru ameacha ua, anamwendea. "Simama basi, Ibra!"
Ibra ameinua mkono. Kama anasema ngoja — au anatafuta pa kushika. Kwa huku sioni uso wake. Tausi amenishika leso.
Mkono bado uko juu.